KUH: Tamthilia ya mnyonya damu mnayoikatakata, na maneno niliyopewa kaunta yenu ya Malindi

Kwa Meneja, Huduma kwa Wateja.

Salamu nyingi. Masharti ya kifurushi mmeyaandika wenyewe, sitawasomea.

Naanza na sehemu ya 43, ya Ijumaa. Bwana wa lile jumba la mlimani yuko nje ya mlango, mvua inamnyea, na hawezi kuvuka kizingiti mpaka akaribishwe. Anaomba kwa sauti ya chini. Mchumba wa daktari anafungua, anasema karibu. Bwana anaingia, anamsogeza nywele begani, na papo hapo tangazo la sabuni, kisha taarifa ya habari. Hamkurudi tena. Jumatatu yule mwanamke ana skafu shingoni, rangi imemtoka, anaogopa dirisha, na mtazamaji hajui yamempata lini.

Nilipouliza kwa adabu sehemu hiyo itarudiwa lini, kijana wenu alinijibu mbele ya foleni: "Kwani bi mkubwa, unataka kuona nini pale? Mwanamke anyonywe shingo?" Watu wakacheka.

Tufanye hesabu basi. Sehemu moja ni kama dakika 22 bila matangazo. Mmeipa nusu saa, mkaitia matangazo ya dakika 11. Zinazidi tatu, na hizo tatu kila siku mnazikata mwishoni. Anayejua tamthilia za kila siku hakati mwisho hata akilazimishwa. Dakika za mwisho za Ijumaa ndizo zinazomrudisha mtu Jumatatu. Juma zima hupikwa kwa ajili ya dakika hizo. Mngekata mazungumzo ya mwanzo, ambayo nusu yake ni kumkumbusha aliyekosa jana. Au mngepunguza sabuni.

Na mnyonya damu huyu si kikaragosi cha kutishia watoto. Tamthilia ya Dark Shadows ilianza Marekani mwaka 1966 ikawa inayumba, hadi 1967 walipomwingiza mnyonya damu Barnabas Collins, aliyeigizwa na Jonathan Frid. Aliletwa apite tu. Akakaa karibu mpaka tamthilia ilipofungwa 1971, sehemu zaidi ya 1,200. Mwaka 1991 Wabrazili walimpa mnyonya damu Vlad kazi ya kumwandama mwimbaji Natasha katika tamthilia yao, Vamp. Port Charles nayo, tamthilia ya Marekani, 2001 ikamleta mnyonya damu Caleb Morley, aliyeigizwa na Michael Easton. Wote wabaya, wote wanavutia, na meno ndiyo silaha yao ndogo kabisa. Mnyonya damu wa tamthilia humshika mtu kwa kuchelewa: kwanza jicho, halafu zawadi, halafu mlango, shingo mwisho. Mkiondoa shingo, mnatubakishia mwanamume mpole asiyepata usingizi.

Sauti nayo. Tangu mlipobadilisha wasemaji wanaotia maneno ya Kiswahili, mnyonya damu anasemewa na yule yule anayemsemea daktari. Sehemu ya 38 wanakabiliana makaburini, na tunachosikia ni mtu mmoja anajitukana na kujijibu. Muziki ndio usiseme. Mtengenezaji humpa mnunuzi muziki na milio peke yake, kando na maneno, ili wasemaji wapya wawekwe juu. Studio yenu imechukua sauti iliyokwisha kuchanganywa, ikawa inaibana kila mtu akifungua kinywa. Ndiyo maana muziki unazama na kuibuka, na Kiingereza bado kinanong'ona chini ya Kiswahili. Kutongoza kwake kote kumo katika kimya na pumzi, na hivyo viwili ndivyo mlivyoviua. Msemaji akae karibu na maikrofoni, aseme polepole, asipaze. Huyu wenu anasema kama anauza samaki sokoni.

Nilisahau: sehemu ya 40 mliirusha baada ya 41. Kioo kilivunjwa kabla hatujaona kwamba hakimwonyeshi mnyonya damu.

Narudi kaunta, maana naona hamjapata picha. Yule kijana, umri wa mwanangu, hakuniangalia. Alikuwa akihesabu noti, na kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni akasema, kwani bi mkubwa unataka kuona nini pale, mwanamke anyonywe shingo? Akasubiri kicheko kiishe. Kisha akaniambia nilipie kifurushi cha juu kama nazitaka hizo, akaita, "Anayefuata!" Hizo! Kama kwamba mtu mzima, na buibui lake, ametoka nyumbani kuomba uchafu.

Akaongeza kwamba mnakata kwa sababu ya watoto. Vizuri. Kanuni za vipindi zinawataka mlinde watoto kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku. Baada ya saa nne kisu hakihitajiki. Ninyi mmeiweka saa kumi na mbili na nusu, wakati wa Maghrib, watoto wako sebuleni na nusu ya wateja wenu wa Malindi wako kwenye swala. (Dark Shadows yenyewe ilirushwa alasiri, wanafunzi wakikimbia nyumbani kuiwahi, lakini hayo tuyaache.)

Nilichotaka mwanzo ni sehemu ya 43 irudiwe nzima. Sasa haitoshi. Rusheni 38 hadi 43 kwa mpangilio wake, bila kukata, saa nne usiku. Mnyonya damu apewe msemaji wake. Malipo yangu ya mwezi huu yarudi. Na kijana aniombe radhi kaunta ile ile, foleni ikiwapo, kwa sauti ile ile.

Nawapa siku kumi na nne. Zikipita, Kifungu cha 46 cha Katiba kinanipa haki ya huduma yenye ubora unaofaa, na Mamlaka ya Mawasiliano itaisoma barua hii pamoja na tarehe za kila sehemu mliyoikata, ninazo zote. King'amuzi changu kitarudi kwenu, na majirani wa Shela wameniuliza kama vyao navyo nitavichukua. Nimewaambia nitavichukua.

Mteja wenu, kwa sasa,
Shela, Malindi

Nakala: Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya (imo ndani ya bahasha, haijatiwa stempu)