Mwanangu anafoka kwa sauti yangu

Shangazi, shikamoo.

Nina binti wa miaka minne na nusu. Mwezi uliopita nilisimama mlangoni mwa chumba chao bila yeye kujua. Alikuwa amemkalisha mwanasesere wake ukutani, mkono mmoja kiunoni, kidole cha mkono wa pili anamtikisia usoni. "Nimekwambia mara ngapi? Mara ngapi?" Akasonya. Kisha akafumba macho, akavuta pumzi ndefu, akasema kwa sauti ya chini: "Usinijaribu." Akamzaba kofi, mwanasesere akaanguka kifudifudi.

Yule nilikuwa mimi, Shangazi. Hata ile pumzi kabla ya neno la mwisho ni yangu, na sikujua kwamba ninayo mpaka nilipoiona kwake.

Yeye sijawahi kumpiga wala kumfokea hivyo. Ninayemfokea ni kaka yake wa miaka kumi, hasa tunapofanya kazi za shule jioni, na kofi nalo, naona aibu kuliandika, ameshalipata mara mbili. Mdogo huwa pembeni anachezea vitu vyake, wala hainui kichwa. Nilidhani hayamhusu. "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo" nimeisikia tangu utotoni, ila kulea nilikuelewa kuwa ni yale ninayomwambia yeye.

Wiki iliyofuata mwalimu wake akaniita. Binti amempiga mwenzake kofi, na kabla ya kumpiga alimwuliza, "Mara ngapi?"

Mume wangu anasema dawa ni kumtia adabu kila anaporudia. Mimi nasita, na kilichonifanya nisite ni majaribio ya Albert Bandura, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Mwaka 1961 yeye na wenzake waliwaonyesha baadhi ya watoto wadogo mtu mzima akimshambulia mwanasesere mkubwa wa kujazwa upepo, kwa ngumi na kwa nyundo. Watoto wale walipopata nafasi walimwiga, ingawa hakuna aliyewaambia wafanye hivyo. Lakini lililoninyima usingizi ni jaribio la mwaka 1965. Safari hii watoto walionyeshwa filamu ya mtu mzima akimpiga mwanasesere, na waliomwona akiadhibiwa kwa kufanya hivyo waliiga kidogo kuliko wengine. Kisha watoto wote wakaahidiwa zawadi wakionyesha walichokiona, na tofauti ile ikatoweka. Kumbe walikuwa wamejifunza sawasawa, ila wengine walikificha tu.

Basi tukimwadhibu, si ataacha mbele yetu na kwenda kumalizia kwa mtoto mdogo kuliko yeye, mahali tusipomwona? Na tukimchapa kwa sababu amechapa, atakuwa ameona nini tena?

Nimeanza kujirekebisha mwenyewe. Hasira ikipanda natoka chumbani, nanawa uso, ndipo narudi. Nimeweza siku nyingi, lakini Alhamisi iliyopita nikashindwa, nikamfokea kaka yake hadi akalia. Nilipotulia nikapiga magoti mbele yake nikamwomba radhi, makusudi dada yake aone. Alituangalia wote wawili, kimya, bila kupepesa.

Kesho yake nikamkuta na mwanasesere wake tena. Akamzaba kofi. Kisha akapiga magoti, akamkumbatia, akasema, "Nisamehe mwanangu, mama amechoka."

Sikujua nicheke au nilie kwa lile, Shangazi; mwishowe nililia. Nimekuwa nikijiuliza kama amejifunza kuomba radhi, au amejifunza kwamba kofi na radhi huenda pamoja. Ndiyo sababu nakuandikia. Je, niendelee kuomba radhi mbele yake ninapoteleza, au nifanye faraghani na kaka yake? Niongee naye waziwazi kwamba yale aliyoyaona yalikuwa makosa yangu, au kwa umri wake nitakuwa ninayakazia tu? Na anapomfokea mwanasesere, niingilie, nikae chini nicheze naye ili aone namna nyingine, au nimwache?

Kaka yake naye nimeanza kumwangalia kwa jicho jipya. Yeye hachezi na wanasesere, kwa hiyo sijui alichokibeba. Nianzie wapi kumwuliza?

Mama wa watoto wawili