Barua ya wazi kwa Mtendaji Mkuu wa OSHA, Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi: Kibarua aandikwe kabla hajapanda ghorofani

Ndugu Mtendaji Mkuu,

Salaam. Mimi ni fundi nondo kwenye maghorofa ya watu binafsi hapa Dar es Salaam. Nakuandikia kuhusu vibarua wa siku ya zege.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri asajili eneo lake la kazi na awape wafanyakazi vifaa vya kujikinga. Kwenye saiti nyingi nilizopitia cheti kipo, kimebandikwa ofisini, na kofia ngumu zimetundikwa ukutani. Wanaoumia zaidi ni watu wasiokuwemo kwenye karatasi yoyote.

Siku ya kumwaga jamvi, yaani sakafu ya zege ya ghorofa, mambo hubadilika. Zege halilali, kwa hiyo mkandarasi mwenye wafanyakazi 15 anahitaji watu 60 kwa siku moja. Alfajiri foromani anatoka getini, anachagua vijana waliojipanga barabarani, na muda si mrefu wako juu na ndoo za zege kichwani, wakipita kwenye ubao mmoja uliolazwa juu ya mirunda. Wengi wamevaa kandambili. Hakuna anayewaonyesha sakafu imeachwa wazi wapi, wala waya wa umeme unaopita jirani na ghorofa ya pili. Ikifika jioni mtu amechoka, miguu imelowa maji ya saruji, taa ni moja na kazi bado ipo. Hapo ndipo watu wanapoanguka.

Nimemshuhudia mmoja. Tundu la lifti lilifunikwa kwa plaiwudi isiyopigiliwa hata msumari mmoja. Kijana aliikanyaga, akaenda nayo hadi chini, ndoo na yeye. Tulipomfikisha hospitali muuguzi akauliza jina la mgonjwa. Sote tulikuwa tunamwita Dogo, basi. Foromani aliacha pesa ya dawa akaondoka, na kesho yake kazi iliendelea. Kwenye hesabu za saiti ile kijana hakuwahi kuwepo, kwa hiyo hata ajali haikuripotiwa.

Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi uliwekwa kwa ajili ya watu wanaoumia kazini, lakini dai linahitaji uthibitisho kwamba mtu aliumia kazini, na kwa mwajiri yupi. Kijana aliyechukuliwa barabarani atathibitisha kwa kitu gani? Jengo lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi lilipoanguka Machi 29, 2013 na kuua watu zaidi ya 30, makadirio ya waliofukiwa yalikuwa yakibadilika. Waokoaji wanahitaji kujua mapema kabisa walikuwemo wangapi ndani.

Ombi langu ni hili. Mkaguzi akiingia saiti, kabla ya kuangalia cheti, adai daftari la siku hiyo: jina kamili la kila aliyepanda, namba ya simu ya ndugu yake, na sahihi ya aliyemwelekeza mambo ya usalama. Kisha ahesabu vichwa. Wakizidi walioandikwa, kazi isimame mpaka wote waandikwe. Najua mkandarasi atalalamika kwamba zege linaganda. Aandike kabla hajaliwasha mixa. Watu wawili wenye kalamu wanamaliza watu 60 wakati mchanga na kokoto bado vinasogezwa.

Na wakaguzi waje bila taarifa, hata Jumamosi, hata jioni. Saiti iliyopewa taarifa mapema hufagiwa, kofia zikagawiwa, na vibarua wakaambiwa wasije siku hiyo. Mkipita mtaani mkasikia mixa linanguruma na kuona winchi inapandisha zege, ingieni. Msiishie ofisini kwa foromani, pandeni hadi jamvi linapomwagwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Fundi nondo, Dar es Salaam