Mhariri, wachambuzi wenu wanaegemea upande mmoja

Mhariri salamu, mi msomaji wenu wa siku nyingi na safu ya siasa ndo huwa naanza nayo, ila tangu kampeni za urais zianze kwa kweli mnaniumiza. Mgombea wa chama tawala akihutubia anapewa ukurasa wa mbele na picha ya umati, wa upinzani anatupwa huko ndani, picha yenyewe kakunja sura, halafu mchambuzi anamwita mropokaji kabla hata hajatueleza kasema nini kuhusu kodi au ajira. Uchambuzi gani huo? Mtu kuwa na msimamo sio kosa, andikeni tu wazi kuwa ni maoni yake, na kama ni kada wa chama semeni, maana mkimwita mtaalamu huru mnatudanganya sisi tunaoenda kupiga kura.

Msomaji wenu