Chupa ya dawa peke yake haimtoshi mtoto wa sukari ya kushuka

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi tuwasemee watoto wachanga ambao sukari yao hushuka tena na tena hata wakinyonya vizuri. Wengi wao kongosho linamwaga insulini, homoni inayoshusha sukari, kupita kiasi. Insulini hiyo hulizuia ini lisitoe sukari, na huzuia mafuta yasigeuke ketoni, ambazo ndizo chakula cha akiba cha ubongo. Kwa hiyo ubongo hukosa vyote viwili. Degedege linalosingiziwa malaria huenda ni hilo. Tone la damu ya kisigino lingejibu kwa sekunde chache.

Dripu ya sukari ni ya kuokoa tu. Dawa ya kuendelea nayo nyumbani ni diazoksaidi, inayolizuia kongosho lisimwage insulini, miligramu 5 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, ikigawanywa mara 2 au 3. Makosa huanzia kwenye kupima. Dawa ya maji ina miligramu 50 katika mililita 1. Mtoto wa kilo 4 aliyeandikiwa miligramu 10 kwa kilo anahitaji 40 kwa siku. Kila saa 8 ni kama mililita 0.27. Kijiko cha chai ni mililita 5, yaani miligramu 250! Tena dawa hii hutuama. Chupa isipotikiswa, siku za mwanzo mtoto hunywa dawa nyepesi, za mwisho humeza mashapo yote.

Diazoksaidi hukusanya maji mwilini, ndiyo maana huendana na dawa ya kukojoza kama haidroklorothiazaidi. Kope zikivimba au mtoto akihema mbio, hospitali siku hiyohiyo: presha ya mishipa ya mapafu huweza kupanda. Nywele za usoni na mgongoni zisiwatishe mabibi. Huondoka dawa ikiachwa.

Asiyepata nafuu kwa dozi kamili ndani ya siku 5 hivi apelekwe kwa bingwa, maana zipo sindano za oktreotaidi, na wengine huhitaji upasuaji wa kongosho.

Tunachoomba wodi zifanye ni hiki: mama asiruhusiwe bila sirinji ya mililita 1, glukomita (kipimo cha sukari), stripu zake na karatasi yenye maneno machache. Sukari chini ya 3.9 mmol/L, mnyonyeshe, pima tena baada ya dakika 15. Haijapanda au anatapika, njoo. Na kila kliniki apimwe uzito, dozi ipigwe hesabu upya.

Wauguzi wa watoto,
Dar es Salaam