Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Kigoma: mstari wa tezi usiachwe wazi

Ndugu Mganga Mkuu,

YAH: TEZI ZA LIMFU KWA WATOTO WANAOONDOLEWA FIGO

Salaam kutoka Ujiji. Mimi ni muuguzi mstaafu, wodi ya watoto ndiyo iliyonizeesha, na siku hizi majirani huniletea mafaili yao niwasomee. Faili moja limenifanya nishike kalamu.

Ni la mtoto wa miaka mitatu aliyeondolewa figo ya kushoto katika hospitali iliyo mbali na mkoa huu. Ripoti ya patholojia, yaani ya maabara iliyoupima uvimbe kwa darubini, imechapwa vizuri: uzito wa uvimbe, vipimo vyake, saratani ya Wilms (saratani ya figo ya watoto), kingo safi, yaani ukingoni mwa nyama iliyokatwa hapakuonekana saratani. Penye tezi za limfu, yaani mitoki, pameandikwa neno moja, "hazikuletwa". Chini yake: hatua ya pili, yaani kiwango ambacho ugonjwa umefikia. Akapewa dawa za hatua ya pili, akarudi nyumbani, na mwaka haujaisha uvimbe ukachomoza tena tumboni, upande uleule.

Sisemi tezi ndizo zilizourudisha. Hakuna anayeweza kusema hivyo wala kukanusha, na hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Hatua ya pili bila tezi kupimwa ni kubahatisha kulikogongwa muhuri.

Wewe unayajua haya kunizidi, ila na wazazi wanasoma. Saratani hii huwapata zaidi watoto wa chini ya miaka mitano. Ikitoka nje ya figo, mara nyingi hupitia mitoki iliyopo pale mishipa inapoingilia figo na ile ya kandokando ya mshipa mkuu wa damu tumboni. Seli zake zikikutwa humo, mtoto ni wa hatua ya tatu, hata kama uvimbe umetolewa mzimamzima. Matibabu nayo hubadilika: juu ya dawa za saratani vinkristini na daktinomaisini huongezwa ya tatu, doksorubisini, pamoja na mionzi tumboni upande wa ugonjwa. Hata aliyeanza dawa kabla ya upasuaji, mabaki ya seli zilizokufa ndani ya tezi humweka hatua ya tatu.

Hatua ya tatu si hukumu ya kifo. Kwenye nchi ambako matibabu hukamilika, watoto zaidi ya 9 kati ya 10 wenye seli za aina isiyo kali huwa hai miaka kadhaa baadaye, wenye tezi zilizoathirika wakiwemo. Wetu anakosa mionzi kwa sababu hakuna aliyejua kwamba anaihitaji.

Nimewahi kuambiwa, "Tulizipapasa, ziko sawa." Kidole hakitoshi. Tezi kubwa huenda imevimba tu, na ndogo laini ikawa na saratani. Darubini ndiyo inayoamua. Mwongozo wa UMBRELLA wa SIOP, chama cha kimataifa cha saratani za watoto, unataka zichukuliwe angalau tezi 7. Na tezi safi nazo zina faida yake: Marekani, mtoto wa chini ya miaka 2 mwenye uvimbe wa hatua ya kwanza, uzito chini ya gramu 550, anaweza kuachwa bila dawa yoyote baada ya upasuaji, kwa sharti kwamba tezi zake zilichukuliwa na hazikukutwa na kitu.

Najua watoto wetu hupelekwa Mwanza au Dar es Salaam, na huko huna amri. Lakini barua ya rufaa inatoka kwako. Iandikwe humo kwamba mkoa unaomba nakala ya patholojia yenye idadi ya tezi zilizopimwa na ngapi zimekutwa na ugonjwa. Mtoto akirudi kliniki, mstari huo usomwe kwanza. Ukiwa wazi, daktari apige simu kwa aliyepasua siku ileile, maana mionzi haitakiwi kuchelewa, na mama wa Kasulu hawezi kurudishwa Mwanza kupitia Kibondo na Nyakanazi kwenda kuuliza swali ambalo simu ingelijibu.

Na ikitokea figo imeondolewa hapahapa mkoani, tezi ziwekwe kwenye chupa yake ya fomalini, yenye lebo inayosema zimetoka wapi. Nimewahi kuona zimetumbukizwa pamoja na figo, na maabara haikuweza kujua ipi ilitoka wapi.

Rasimu ya fomu ya kujazia hesabu hiyo ya tezi, ukurasa mmoja, nimeiacha masijala ya ofisi yako ndani ya bahasha ya kaki. Ukiona inafaa, nipo tayari kuja kuwaelekeza wauguzi wa kliniki namna ya kuijaza, bila posho.

Wako katika kazi,
Muuguzi mstaafu, Ujiji