Hatukukimbia wezi

Mhariri,

Nalisoma gazeti lenu miaka mingi na sijawahi kuandika hata mstari. Taarifa yenu ya Jumapili kuhusu familia zinazohama katikati ya jiji kwenda viungani imenishinda kunyamazia. Mmerudia yale yale: "wanakimbia uhalifu".

Mimi ni mmoja wa hao waliohama. Siku tunapakia vyombo, mwandishi wenu alinikuta kando ya lori nimeshika godoro upande mmoja, mwanangu upande wa pili. Swali lake la kwanza: mnakimbia wezi? Nikamjibu hapana. Nikamweleza kwamba watoto watatu wanalala chumba kimoja, kwamba mwenye nyumba amepandisha kodi mara mbili ndani ya mwaka mmoja, na kwamba mkubwa amefika umri wa kuhitaji mlango wa kufunga. Alikuwa akiitikia kwa kichwa na kuandika. Kesho yake nikaiona picha ya godoro langu, na juu yake maneno ya hofu ambayo sikuyatamka. Jioni akanipigia jirani niliyekaa naye ukuta kwa ukuta miaka kumi na tisa, mwanamke aliyenilelea watoto nilipolazwa. Akaniuliza, "Mwenzangu, kumbe muda wote ulikuwa unatuogopa?" Nilikosa la kumjibu, na hadi leo tukiongea nasikia sauti yake imepoa.

Mazoea haya si yenu peke yenu. Detroit kule Marekani husimuliwa kama jiji lililokimbiwa kwa sababu ya ghasia za 1967. Lakini sensa ya 1950 ilihesabu watu 1,849,568, na ya 1960 watu 1,670,144. Karibu watu 180,000 walishapungua miaka saba kabla ya ghasia! Kulikuwa na mikopo ya nyumba iliyodhaminiwa na serikali tangu 1934, iliyopendelea nyumba mpya za viungani na kuwabagua watu weusi. Kulikuwa na viwanda vilivyohamia nje ya jiji. Kisha sheria ya 1956 ikaifanya serikali kuu ilipe asilimia 90 ya gharama za barabara kuu mpya. London nayo ilipungua watu baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na kwa sehemu ni serikali yenyewe iliyowahamisha, kwa sheria ya miji mipya ya 1946 iliyoanza na Stevenage, mji ulio kaskazini mwa London. Tena jiji linaweza kupungua watu huku nyumba zote zimejaa, pale nyumba iliyokuwa na watu sita inapobaki na wawili.

Na mkishatuhamisha kwenye kurasa zenu, mnatusahau. Huku nilikohamia basi la mwisho linaondoka kabla wafanyakazi wa zamu ya jioni hawajatoka kazini. Sijaona mwandishi akilipanda. Ninachokiona ni kurasa nzima za matangazo ya nyumba mpya za huku huku.

Naomba hivi: kila mkiandika idadi ya waliohama, chapisheni sanduku moja lenye idadi ya waliohamia, waliozaliwa, na wastani wa watu kwa nyumba. Baada ya miezi kumi na miwili wapigieni simu wale wale mliowahoji.

Namba yangu mwandishi wenu anayo. Niliiandika mwenyewe kwenye daftari lake, nimeegemea lile godoro.

Msomaji wenu,
Viungani