Nilimfundisha hata kushika jagi, leo funguo ziko kwake

Shangazi,

Ni saa tisa usiku na sijafumba jicho. Naandika kwa simu, mwangaza nimeupunguza kabisa kwa sababu mdogo wangu ninayefanya naye kazi yuko hapa hapa, upande wa pili wa pazia, amelala fofofo. Saa kumi na robo natakiwa niwe nimeamka nioge, nitembee hadi steji, niwahi matatu ya kwanza ya kwenda tao, kisha nipande nyingine ya Upper Hill. Mgahawa wa kahawa tunaofanya kazi unafunguliwa saa kumi na mbili kamili. Kwa hiyo usingizi wa leo umeshapita, bora niseme.

Ni jambo lililotokea kazini Jumatatu. Meneja alitoka ofisini na funguo zote mkononi, wa stoo, wa friji ya maziwa na wa droo ya pesa. Akanipita. Akamkabidhi yeye, awe kiongozi wa kaunta. Mimi nilikuwa nimeshika kitambaa cha kupangusia bomba la mvuke la mashine ya kahawa, nikaendelea kulipangusa na lilikuwa safi tayari. Wenzangu wakapiga makofi. Na mimi nilipiga, Shangazi, nataka ujue hilo, nilipiga makofi kama wengine.

Mimi si mtu wa wivu. Ningekuwa na wivu nisingemleta Nairobi. Mama yake ni mdogo wa mama yangu, kwa hiyo huyu si binamu, ni mdogo wangu. Mama mdogo alinipigia miaka miwili iliyopita akilia kwamba msichana amekaa tu nyumbani tangu amalize Kidato cha Nne, nikamwambia mpandishe gari. Nyumba yangu ya Pipeline ni chumba kimoja. Nilinunua pazia nikaligawa. Chakula changu, maji ya mtungi nanunua mimi, nauli ya miezi mitatu ya kwanza nilitoa mimi, nyingine kwa Fuliza, ule mkopo wa simu. Sijawahi kumdai, na sidai sasa.

Nilianza pale nikiosha vikombe, mwaka huu ni wa sita. Miezi minane hakuna aliyeniruhusu kugusa mashine. Nilijifunza nikiwa kwenye sinki, natazama kwa pembe ya jicho na kuhesabu kimoyomoyo. Gramu 18 za unga wa kahawa, kahawa itiririke sekunde 25 hadi 30. Ikiwahi inakuwa nyepesi na chachu, ikichelewa inakuwa chungu. Maziwa nilijifunza kwa sikio. Mwanzo yanatoa mlio kama karatasi inayochanwa taratibu, halafu unazamisha bomba kidogo mlio unakata, yanazunguka yenyewe, na kiganja kikishindwa kuvumilia jagi, unafunga. Siku ya mvua unga unabadilika, ukitumia kipimo cha jana unaharibu kikombe cha kwanza na cha pili. Hayo hakuna aliyenifundisha. Yeye alifundishwa. Nilibaki naye baada ya kufunga, tunachemsha maji na tone la sabuni ya vyombo ili povu litoke bila kumaliza maziwa ya watu, nashika mkono wake na jagi ndani yake, namwonyesha jinsi ya kulaza kikombe hadi ua la povu likatokea juu. Mwezi mzima mkono ulikuwa unamtetemeka.

Hata maneno ni yangu. Wageni wakiuliza kahawa hii ni ya wapi, mimi huwaeleza habari za SL28 na SL34, kwamba ni aina za kahawa zilizochaguliwa pale kituo cha utafiti cha Scott Laboratories miaka ya 1930, na kwamba baba yangu kule Kirinyaga bado ana miti ya SL28 na amekataa kuing'oa ingawa ugonjwa wa tunda humtesa kila mvua ndefu, majirani wakiwa wamehamia Ruiru 11 na Batian, aina mpya zinazostahimili ugonjwa huo. Nawaambia tulivyokuwa tunachuma nyekundu peke yake, tunapeleka kiwandani siku hiyo hiyo, tunachambua kijani moja moja kwenye mkeka kabla ya mizani. Jana nimemsikia akiwaeleza Wazungu wawili habari hizo hizo. "Nyumbani tuna SL28." Kwao hawana hata mche wa kahawa, Shangazi, kwao wanalima mpunga.

Usidhani naichukia kazi. Watu husema kazi ya kahawa ni ya kupita, eti mtu anangoja kazi ya maana. Mimi naipenda. Kuna mzee mmoja mstaafu huja saa moja na robo kila siku, kahawa dabo bila sukari, gazeti mkononi. Mwaka jana mwanangu alipolazwa mzee huyo alinitumia elfu mbili na hakunikumbusha hata siku moja. Kuna siku asubuhi foleni inafika mlangoni na mikono inakwenda yenyewe, oda sita kichwani, hakuna hata moja inayopotea, na siku hiyo hata mguu hauumi. Ni kweli kuna wale wa kuagiza chai moja wakae muda wa saa nne na kompyuta, na wale wa kukurudishia kikombe mara tatu ili tu waone utafanya nini. Na mshahara ukishakatwa bima ya afya ya SHA asilimia 2.75, ushuru wa nyumba asilimia 1.5, akiba ya uzeeni ya NSSF, na kikombe kilichovunjika, unajua mwenyewe kinachobaki. Lakini nilivumilia kwa sababu nilijua zamu yangu inakuja. Kiongozi wa kaunta aliyeondoka Desemba aliniambia kwa kinywa chake, "Hizi funguo ni zako." Nilishamwambia mama ajiandae, ile nyongeza ingelipa karo ya mwanangu anayekaa naye.

Si pesa lakini. Ni vile alivyonipita.

Niliingia ofisini Jumanne, kwa heshima, nikamuuliza meneja nimekosa wapi. Hakunikasirikia. Alisema, "Wewe ni mkono mzuri, lakini mwenzako amewahi kusimamia watu. Iko kwenye barua yake ya Mombasa."

Nitarudi kwenye hiyo barua.

Jumatano ndiyo iliyoniua. Mzee wangu alikuwa amekuja na binti yake, binti akaagiza kapuchino. Nikawa napasha maziwa, na mdogo wangu akasema mbele yao, kwa sauti ya kawaida tu, "Dada, hayo umeyachoma, mwaga uanze upya." Ni kweli yalikuwa yamepita moto. Mawazo yalikuwa mbali. Lakini angeweza kunikanyaga mguu kama nilivyokuwa nikimkanyaga yeye nikitaka kumstahi. Hiyo ishara nimemfundisha mimi. Niliyamwaga. Mzee akaangalia gazeti lake.

Jioni hiyo alikuja na nyama nusu kilo na maua ya waridi ya kununua kwenye foleni ya magari, akapika, akaniita dada mara mia. Sikula. Akauliza, "Nimekukosea nini?" Nikasema tumbo linauma. Hakuomba cheo, najua. Labda angekataa ningekasirika pia, sijui. Ila angeweza hata kusema pale pale kwamba aliyemfundisha amesimama hapa na kitambaa. Neno moja tu.

Sasa hiyo barua. Alipokuja hakuwa amefanya kazi popote, na pale hawachukui mtu asiye na uzoefu. Tulienda saiba moja mtaani, duka la kompyuta na kuchapisha, yeye amekaa kwenye kiti na mimi nimesimama, nikamtajia mwenye saiba maneno ya kuandika. Kwamba alifanya kazi hoteli fulani Mombasa mwaka mmoja. Na kwa sababu niliona mwaka mmoja ni mdogo, nikaongeza, "na alisimamia wafanyakazi wanne." Huyo msichana hajawahi kufika Mombasa. Hilo neno la kusimamia ni langu, Shangazi. Nililitoa kichwani mwangu ili asikae na njaa, na ndilo lililomwambia meneja anipite.

Najua utasema nilikosea kuandika. Nani hajawahi kusaidia ndugu yake? Nionyeshe mtu mmoja Nairobi aliyepata kazi ya kwanza kwa karatasi tupu. Na kazi yenyewe anaifanya vizuri, kwa hiyo nilimdanganya nani?

Tangu Jumanne najisikia kurudi ofisini. Maneno nimeshayapanga. Nikiyasema anatoka siku hiyo hiyo, na pengine mimi natoka nyuma yake, kwa maana atasema ni nani aliyesimama pale saiba. Halafu mama mdogo. Halafu mama yangu. Kisha nasema hapana, niache, nitafute pengine. Kuna mteja aliniambia wanataka mtu kule mtaa wa Karen, hata namba alinipa, sijampigia. Kwa nini niondoke mimi? Kaunta ile ni yangu, naijua hata nikiwa nimefumba macho. Wala funguo sizitaki tena, hata wakinipa leo sizichukui. Nataka tu wajue.

Nimwambie ahame kwangu? Nikimwambia ataelewa sababu. Nisipomwambia, kila usiku nalala na hizo funguo, kwa sababu amezitundika hapa kwenye msumari wa mlango, msumari nilioupigilia mimi, na upepo ukiingia zinagongana. Zinagongana hata sasa.

Ratiba ya wiki ijayo ameibandika jana. Amenipa zamu za asubuhi zote, ambazo ndizo nazipenda na ndizo zenye bakshishi, na Jumapili ofu ili niende kanisani. Sijui alinipa kwa mapenzi au ni kwa kunihurumia, na sijui kwa nini hilo ndilo limenikosesha usingizi leo kuliko yote.

Shangazi, ukijibu usitaje mtaa. Huwa anasoma ukurasa wako, tunausomaga pamoja kwenye matatu. Niambie tu kama mtu anaweza kusema ukweli akiwa na hasira na bado ukawa ni ukweli, au ningoje hasira iishe kwanza. Kengele ya simu imelia. Naye ameamka, ananiuliza kama nimeshachemsha maji.

Dada wa Kaunta,
Nairobi